Ondara na Gitaa Lisilobisha Hodi Nyumbani

Tarehe mosi Februari 2019 mpiga nyatiti Ayub Ogada alifariki dunia kwake Nyahera, Kisumu, na kwa siku chache stesheni zilizokuwa zimemsahau zikakumbuka kwamba zina wimbo wake “Kothbiro” kwenye maktaba zao. Mwezi huohuo, ng’ambo ya bahari, Mkenya mwingine alitoa albamu yake ya kwanza. Anaitwa J.S. Ondara, na albamu ni Tales of America. Nairobi haikuwa na nafasi naye. Jiji lilikuwa limeshikwa na Gengetone. Ethic walikuwa wameachia “Lamba Lolo” mwaka uliotangulia na matatu zilikuwa zikitikisika kwa midundo hiyo kuanzia asubuhi. Nani angetulia kumsikiliza mtu mmoja mwenye gitaa kavu, anayeimba Kiingereza cha taratibu kuhusu nchi ambayo wengi wetu tunaijua kwa foleni ya ubalozi tu?

Miaka imepita, na bado naona albamu ile haijasikilizwa sawasawa, si huku wala huko. Huku ilionekana muziki wa Wazungu uliokosea anwani. Huko Marekani ilipokewa kama ushahidi wa mhamiaji, karatasi ya kuonyeshwa kwenye mjadala wao wa mipaka. Kazi yenyewe imekaa katikati, haikuitika upande wowote. Ni albamu ya kijana anayejihoji kama kweli anaipenda nchi aliyoijua kwanza kwa nyimbo kabla hajaikanyaga. Na namna anavyojihoji, kwa kujificha, ni namna yetu.

Ondara alizaliwa Nairobi mwaka 1992. Nyumbani hapakuwa na pesa za gitaa. Redio ilikuwepo, na katika redio akawapata Nirvana, Radiohead, Jeff Buckley na Death Cab for Cutie, akawasikiliza kabla hajaelewa vizuri walichokuwa wakisema. Sehemu ya Kiingereza chake aliokota humo. Aliandika hadithi na mashairi tangu utotoni, yakawa maneno yasiyo na chombo cha kuyabeba. Kisha kikatokea kisa ambacho yeye mwenyewe amekisimulia mara nyingi: alibishana na rafiki, wakawekeana dau, yeye akishikilia kwamba “Knockin’ on Heaven’s Door” ni wimbo wa Guns N’ Roses. Dau akalipoteza. Wimbo ni wa Bob Dylan, wa mwaka 1973. Aliyeshindwa akaenda kumtafuta huyo Dylan, na kwa kiasi fulani hajarudi hadi leo.

Njia ya kumfuata ikawa bahati nasibu: Marekani ilikuwa ikitoa makumi ya maelfu ya viza kila mwaka kwa kura hiyo, mpango uliotokana na sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 1990. Waliowahi kupita saiba za katikati ya Nairobi msimu wa fomu hizo wanaijua shughuli: unasimamishwa mbele ya kitambaa cheupe, unapigwa picha bila kutabasamu, jina linachapwa, unapewa namba ya uthibitisho, unaikunja mfukoni na kurudi kwenye hamsini zako. Wengi hawasikii tena habari yoyote. Ondara alisikia. Mwaka 2013 akapanda ndege kwenda Minneapolis, jimbo la Minnesota, alikokuwa na shangazi. Jimbo hilo ndilo alikozaliwa Dylan, mjini Duluth, na kukulia Hibbing, kwenye migodi ya chuma. Wengine huchagua jimbo kwa kazi au kwa hali ya hewa. Huyu alikuwa na shangazi na mwanamuziki.

Minneapolis si ugenini kabisa kwa mtu wa Afrika Mashariki. Mtaa wa Cedar-Riverside, wenye maghorofa yake marefu, ni moyo wa jamii kubwa kuliko zote ya Wasomali nchini Marekani, na wengi wao walipitia Kenya, kambini au Eastleigh, kabla ya kufika huko. Ajabu ni kwamba mtaa huohuo, miaka ya 1960, ndipo palipokuwa na vilabu vya vijana wa gitaa na nyimbo za kale za Kimarekani, na leo ukumbi wa Cedar Cultural Center uko palepale ukiwapokea wa pande zote mbili. Ondara aliingia jiji ambalo gitaa na buibui vinapishana kwenye ngazi. Ndani ya albamu hamna dalili ya hayo yote, jambo nitakalolirudia.

Gitaa alijifunza hukohuko, peke yake, akiwa mtu mzima tayari. Ukisikiliza utalitambua hilo. Si mpigaji wa kukuacha mdomo wazi; vidole vyake vinafanya kinachohitajika na kukaa kando ili sauti ipite. Na sauti yenyewe ndiyo habari. Ni ya juu, nyembamba, inatetemeka mwishoni mwa mstari, mara inapanda hadi hujui kama ni ya mwanamume au ya mwanamke. Mwaka 2018, kabla ya albamu kutoka, alizunguka akifungua matamasha ya Lindsey Buckingham, aliyekuwa mpiga gitaa wa Fleetwood Mac. Kumtangulia mtu wa namna hiyo ukiwa na gitaa moja tu na kofia ya pama kunahitaji ama ujasiri ama usingizi mzito.

Albamu ilirekodiwa Los Angeles, prodyuza akiwa Mike Viola. Nyimbo ni 11. Walioshiriki ni watu wenye majina: Andrew Bird na fidla yake, ndugu Taylor na Griffin Goldsmith wa bendi ya Dawes, na Joey Ryan wa The Milk Carton Kids. Kwa orodha hiyo ungetarajia karamu. Viola akafanya uamuzi ulioiokoa kazi: wageni wanaingia kwa kunyata na kutoka kabla hujauliza ni nani. Zipo nyimbo ambazo kuna gitaa, sauti na chumba, basi. Mtu aliyezoea prodyuza wa kujaza kila upenyo kwa kinanda cha kompyuta atadhani fundi alisahau kumaliza kazi.

Wimbo wa kwanza ni “American Dream”, wa mwisho ni “God Bless America”. Kati ya hiyo miwili Marekani ni mpenzi. Anabembelezwa, anaulizwa, anaogopwa. Katika wimbo wa mwisho mwimbaji anamuuliza kwa upole kama bado kuna nafasi ndani au nyumba imejaa. Swali hilo ukilisikia bila kujua tarehe, ni la mapenzi. Ukijua tarehe, linabadilika uso. Oktoba 31, mwaka 2017, mtu mmoja aliwagonga watu kwa lori New York, akaua wanane. Ilipobainika kwamba aliingia Marekani kwa bahati nasibu ya viza, Rais Trump alitaka mpango mzima ufutwe. Mlango uleule aliopitia Ondara ulikuwa ukitajwa kwenye televisheni kama tundu la wauaji. Yeye hakuandika wimbo wa kujibu. Hakutaja rais, hakutaja lori wala viza. Alimuuliza mpenzi kama kuna nafasi.

Hapa ndipo wahakiki wengi wa huko walipokosea, kwa maoni yangu. Walitaka shahidi, kwa hiyo wakamsikia shahidi. Kijana mweusi kutoka Nairobi ndani ya suti, kwenye muziki unaohesabiwa kuwa wa Wazungu wa mashambani, akiimba kuhusu ndoto ya Marekani: makala hiyo inajiandika yenyewe. Lakini jaribu kuchota wasifu wake kutoka kwenye nyimbo zenyewe uone utapata nini. Mama hayumo kwa jina, mtaa haumo, kazi alizofanya hazimo, safari ya ndege haimo. “Saying Goodbye” ni wimbo wa kuaga, na ni wimbo wenye nguvu, ila mwenye kuagwa hatajwi na sababu haisemwi. Waandishi wa Kimarekani waliita albamu hii ya maungamo. Maungamo gani haya ambayo padri angetoka bila kujua dhambi?

Sisi tunaijua namna hii ya kusema. Mwaka 1973 ilitoka Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, diwani aliyoiandika kwa siri, kwenye karatasi za chooni, akiwa kifungoni kati ya 1969 na 1972 kwa sababu ya waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? Ni kitabu cha kijana mdogo aliyetengwa peke yake, na hakuna kazi ya ndani zaidi ya hiyo katika Kiswahili cha karne iliyopita. Hata hivyo humo ndani dhuluma inakuja katika ngozi ya mamba, na ugomvi wa nchi unakuja kama ndugu wawili wanaogombea mnazi. Mshairi anajifunua kwa kujifunika. Hatukumlaumu Abdilatif kwa kutotuambia alilala saa ngapi. Tuliuelewa moyo wake kupitia mamba.

Sasa sikiliza “Days of Insanity”. Wanyama wamekaa mahali pa watu: dubu yuko uwanja wa ndege akingoja safari, na kwingineko wenzake wamechukua nafasi zetu kwenye shughuli zetu za kawaida. Msikilizaji wa Minneapolis husikia Dylan hapo, na hakosei, maana Dylan wa katikati ya miaka ya 1960 alijaza nyimbo zake viumbe wa namna hiyo. Lakini mtoto aliyekua Nairobi alisimuliwa habari za sungura na fisi kabla hajajua kuna mtu anaitwa Dylan. Kwamba mnyama akiingia mahali pa mtu kuna jambo zito linasemwa, hilo halikuhitaji dau lolote kulijifunza. Wimbo huo ndio ninaoupenda kuliko yote, na nadhani ndio wa Kinairobi kuliko yote, ingawa hauna neno hata moja la Kinairobi.

Malalamiko ya huku nyumbani ni ya aina nyingine, na yana uzito. Yanasema: mtu huyu ameacha kila kitu. Ogada, aliyekufa mwezi huohuo, alikwenda London mwaka 1986, akapiga nyatiti kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi mpaka watu wa tamasha la Womad wakamsikia, na mwaka 1993 lebo ya Peter Gabriel ikatoa En Mana Kuoyo. Yeye alibeba cha kwao. Alikaa peke yake kwenye kigoda, akaimba Kijaluo, na dunia ikamjia hapohapo alipokaa. Kwa nini Ondara asifanye hivyo?

Jibu la haraka ni kwamba si kila mtu ana nyatiti kwao. Lipo pia jibu lisilopendeza: soko lililompenda Ogada lilimpenda kwa sababu alikuwa na nyatiti. Angekwenda na gitaa na nyimbo za Kiingereza, London ya 1986 ingemwambia arudi nyumbani akalete kitu cha Kiafrika. Ondara alikataa kupeleka kilichoagizwa. Kukataa huko, kwa kijana wa miaka 26 anayetoa kazi ya kwanza, ni jambo kubwa kuliko tunavyolipima. Mtu wa Minnesota anaruhusiwa kupenda muziki wa Mali bila kuulizwa ameuacha wapi wa kwao. Sisi mtu wetu akipenda muziki wa Minnesota tunamwitia kikao cha wazee.

Na hili dai kwamba mtu mmoja na gitaa kavu ni mambo ya Wazungu, nani alilianzisha? Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, Katanga, mji unaoitwa leo Likasi, na wimbo wake “Masanga” ukapewa tuzo ya muziki bora wa Kiafrika wa mwaka ule. Mwenda aliimba Kiswahili cha migodini na vidole viwili vilifanya kazi ya watu wanne. Yeye na Edouard Masengo walifika hadi Nairobi, wakaacha wafuasi. Magharibi mwa Kenya George Mukabi alikuwa na mtindo wake wa gitaa, omutibo. Fundi Konde, aliyekuwa amerudi kutoka Burma alikowatumbuiza askari wakati wa Vita vya Pili, aliimba kwa utulivu ambao leo ungeitwa wa studio ya chumbani. Hawa walikuwa vijana walioondoka makwao kufuata mshahara, wakakaa kwenye vyumba vya kupanga na gitaa la kuazima, wakaimba upweke wao. Hata “Malaika”, ambao hoteli za pwani zimeuchakaza kwa watalii, ukiuvua mapambo ni wimbo wa kijana anayeona aibu ya kukosa mali ya kumwoa anayempenda. Kujitazama ndani hakukuingizwa nchini kwa meli. Sauti Sol wenyewe, kabla ya majukwaa makubwa, walianza na Mwanzo mwaka 2008, albamu ya sauti na gitaa.

Kwa hiyo tatizo langu na Ondara si kwamba ameondoka nyumbani. Tatizo ni kwamba mara nyingine fumbo lake limefunika kitu kidogo. Zile nyimbo za mapenzi za katikati, ukiondoa “Lebanon” yenye kiapo cha mtu anayemaanisha, zinapita kama mawingu ya kiangazi. Hazina mtu ndani. Anapoandika kuhusu Marekani kama mpenzi anakuwa na jambo la kuogopa. Anapoandika kuhusu mpenzi kama mpenzi anaazima maneno ya wakongwe, na Kiingereza chake kinavaa koti la kitabuni ambalo Dylan mwenyewe alilivua kabla ya kufika miaka 25. Mapenzi ya jumla jumla yanachosha kwa lugha yoyote.

Na Nairobi karibu haimo kabisa. Nimesema kusitiri ni haki yake na ni mila yetu, sirudi nyuma katika hilo. Lakini mwenye kusitiri huacha pindo linaloonekana. Abdilatif alificha mengi, ila huwezi kumsoma ukafikiri ametoka kwingine zaidi ya Mombasa. Lahaja yenyewe inamnyooshea kidole. Ondara amefunika hadi vidole. Hata ile Minneapolis yake, yenye Wasomali, theluji na watu wetu waliokwenda kusomea uuguzi na kulea wazee wa wengine, haionekani. Marekani ya albamu hii bado ni ile iliyotoka kwenye redio. Alikuwa ameishi huko miaka sita. Ningependa kusikia angalau basi moja, ngazi moja, bosi mmoja.

Mtu atauliza kama huyu ni msanii huru kweli, maana ndivyo anavyotajwa kila mahali. Kimkataba, hapana. Albamu ilitolewa na Verve Forecast, tawi la Universal, na huko hakuna uhuru wa maskini. Uhuru wake ni wa aina ya kazi: hakuna wimbo wa kuchezwa, hakuna mgeni wa rap wa kuvuta vijana, hakuna kiitikio kilichopikwa kwa ajili ya simu. Kampuni kubwa iliamua kwamba kimya kinaweza kuuzwa. Sijui kampuni ya huku ambayo ingeweka pesa juu ya kimya, na siilaumu. Msanii wa Nairobi au Dar es Salaam hula kwa harusi, kampeni na matangazo ya bia, na katika hayo matatu hakuna hata moja linalotaka mtu anayenong’ona. Kinachonikera ni pale tunapochukua ufinyu huo wa mfuko tukauita utamaduni.

Mwishoni mwa 2019 albamu iliteuliwa kuwania Grammy katika kundi la albamu bora ya Americana. Ndipo vichwa vya habari vya nyumbani vilipochomoza, Mkenya huyu, Mkenya yule. Januari 2020 Keb’ Mo’ akaibeba tuzo hiyo kwa albamu yake Oklahoma, na vichwa vya habari vikazama. Waliobaki kusikiliza nyimbo zenyewe walikuwa wachache, wengi wao nadhani ni watu ambao nao wako kwenye vyumba vya kupanga, Minnesota, Texas au Doha, wanaojua kwamba kuaga ni kitu unachokifanya hadi ukawa hodari wa kukifanya.

Baadaye Ondara aliendelea. Mei 2020, dunia ikiwa imefungiwa ndani, alitoa kazi ya haraka kuhusu upweke wa karantini, na mwaka 2022 akatoa Spanish Villager No: 3, yenye bendi kubwa zaidi na mhusika wa kubuni anayezungumza badala yake. Wapo wanaosema hapo ndipo alipokomaa. Ninawaelewa, maana ngoma zimeshiba na uandishi umekaza. Lakini kinyago kile kinaongea sana. Kinajieleza, kina jina, kina hadithi, na msikilizaji hana cha kutafuta nyuma yake. Katika albamu ya kwanza hapakuwa na kinyago, palikuwa na mtu aliyegeuza uso kidogo, na mimi namchagua huyo. Anayetaka kuanza naye aanze na “Days of Insanity”, aende “Saying Goodbye”, kisha “God Bless America”, akiwa na vipokea sauti vizuri masikioni. Zile za mapenzi zinaweza kungoja.